Huduma ya uhimilishaji kwa kundi linaloanza: tathmini ya mfugaji wa Meru, Arusha

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, zinazozalishwa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kilichopo Usa River na kufikishwa bandani na mhimilishaji anayejitegemea au na ofisa mifugo wa kata. Tunafuga ng'ombe chotara wa maziwa katika Wilaya ya Meru, upande wa chini wa mlima, ambako majani ya tembo na ya Guatemala hupandwa kwenye kingo za migomba na kahawa, na ambako kaya nyingi zina ng'ombe mmoja au wawili wanaolishwa ndani. Kundi letu ni kubwa kuliko kawaida ya hapa, na tulianza uhimilishaji kwa kundi zima badala ya ng'ombe mmoja mmoja, jambo lililotupa nafasi ya kuona kwa karibu sehemu zote za huduma hii: mbegu, naitrojeni ya kimiminika inayozihifadhi kwenye baridi kali, mtaalamu, gharama na matokeo.

Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji asiyatafute mwishoni. Mbegu ni nzuri na zinastahili fedha zinazotozwa. Udhaifu uko katika safari ya kutoka kwenye mtungi hadi kwenye kizazi cha ng'ombe, safari inayotegemea mtu mmoja na saa chache. Mfugaji anayeanza hujifunza haraka majina ya madume na asilimia za damu, lakini huchelewa sana kujifunza namna ya kumtambua mhimilishaji mzuri, na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Sababu za kuachana na dume la kijiji ni za kweli na sitazirefusha. Dume moja likizunguka kwenye kaya nyingi kwa miaka kadhaa hufika mahali likawapanda binti zake, na ndama wanaozaliwa huwa dhaifu. Dume hilo hilo hueneza magonjwa ya njia ya uzazi, ukiwamo ugonjwa wa kutupa mimba, bila lenyewe kuonyesha dalili yoyote ya kumshtua mwenye nalo. Zaidi ya hapo, dume hula majani ambayo yangelisha ng'ombe wa kukamuliwa, na dume la damu ya Friesian, aina ya kigeni ya ng'ombe wa maziwa, likishakomaa ni hatari kwa watoto na kwa anayelihudumia. Mbegu za kituo zinatoka kwa madume yaliyopimwa magonjwa na yenye kumbukumbu za ukoo. Kwa mfugaji mdogo, hiyo peke yake ni hoja ya kutosha.

Nianze na mbegu zenyewe. Kituo cha Usa River kinafuga madume ya mbegu, kinavuna na kugandisha mbegu, kinazalisha naitrojeni ya kimiminika, na kinafundisha wahimilishaji; vilevile kuna vituo vya kanda, vikiwamo vya Mwanza, Dodoma na Mbeya, vinavyosogeza huduma karibu na wafugaji wa mbali. Sisi wa Meru tuna bahati ya kuwa jirani na chanzo, na naomba msomaji wa mikoa mingine alizingatie hilo anaposoma sifa nitakazotoa kuhusu upatikanaji. Kwa majirani zetu wa Kenya kazi kama hii hufanywa na kituo cha Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1946, na mfugaji wa huko atakuta mengi ya ninayoyasema yanamhusu pia.

Mbegu huja ndani ya mrija mwembamba wa plastiki ambao ujazo wake ni robo au nusu mililita tu. Juu ya mrija huchapishwa jina au namba ya dume, aina yake na tarehe au namba ya uzalishaji. Maandishi hayo ni madogo, lakini ndiyo cheti cha ndama atakayezaliwa. Tangu mwanzo tuliweka utaratibu kwamba mrija ukishatumika hautupwi: hufungwa kwa utepe kwenye ukurasa wa ng'ombe husika katika daftari, na tarehe huandikwa kando yake. Miaka michache baadaye, binti wa ng'ombe huyo akifikia kupandishwa, ukurasa huo ndio unaotuzuia kurudia dume lile lile kwa mwanawe. Mhimilishaji anayeondoka na mrija wako mfukoni, au anayeuficha kiganjani asitake usomwe, anakunyima kitu ulichokilipia.

Kuhusu aina ya dume, wengi wanaoanza huomba Friesian bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa Friesian ndiye mwenye sifa ya ndoo kubwa. Mimi naona uchaguzi huo unahitaji utulivu zaidi. Friesian hutoa maziwa mengi akipata majani mengi, maji mengi na chakula cha ziada kila siku; asipopata, hukonda, huchelewa kurudi kwenye joto, yaani hali ya kuhitaji dume, na huwa wa kwanza kuanguka kwa ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Ayrshire huvumilia zaidi kidogo. Jersey ni mdogo wa umbo, hula kidogo, maziwa yake yana mafuta mengi, na ndama wake huwa mdogo wakati wa kuzaliwa, jambo linalomfanya awe chaguo la busara kwa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa. Kwa wenzetu wa maeneo makavu wenye ng'ombe wa asili wanaotegemea malisho ya kutembea, mbegu za Boran, Sahiwal au Mpwapwa zina maana kubwa kuliko kukimbilia Friesian wa kufa kiangazi. Sisi tuliamua mitamba wapate Jersey, na ng'ombe wakubwa wenye nafasi ya nyonga wapate Friesian au Ayrshire kutegemea damu waliyonayo tayari.

Hapo kwenye damu ipo tahadhari ambayo wauzaji wa huduma hawaisemi kwa sauti. Ng'ombe wa asili akipandishwa kwa mbegu ya kigeni, ndama wa kwanza, yaani nusu kwa nusu, hupata nguvu za chotara: anakua haraka, anakamulika vizuri kuliko mama yake na bado ana ustahimilivu wa kwao. Ukiendelea kumpandisha binti huyo, na binti wa binti, kwa mbegu ile ile ya kigeni, damu hupanda hadi robo tatu na zaidi, na ustahimilivu hupungua kadiri mahitaji ya lishe, dawa ya kuogeshea na chanjo ya ndigana kali yanavyoongezeka. Mfugaji mwenye majani ya uhakika mwaka mzima anaweza kupanda hadi huko. Asiyekuwa nayo ni bora asimame kwenye nusu au karibu na robo tatu, kisha ageukie mbegu za chotara au za aina nyingine. Mhimilishaji anayekuuliza unalisha nini kabla ya kukuchagulia dume, huyo mshike.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo huduma hii inapotofautiana kati ya mtu na mtu kuliko nilivyotarajia. Mhimilishaji tunayemtumia sasa hufika na pikipiki, na mtungi wa naitrojeni umefungwa wima ndani ya boksi lililowekewa sponji. Jambo la kwanza analofanya ni kuuliza maswali: aliyeona joto ni nani, alimwona saa ngapi, ng'ombe alisimama akipandwa au alikuwa akiwapanda wenzake tu, alizaa lini, kondo la nyuma lilitoka vizuri, na mara ya mwisho alipandishwa tarehe gani. Akiridhika, huvaa glavu ndefu, humpapasa ng'ombe kupitia njia ya haja kubwa ili aione hali ya kizazi, na ndipo anapofungua mtungi. Utaratibu huo si wa mapambo. Wapo ng'ombe wachache wenye mimba ambao huonyesha dalili za joto, na kupitisha chuma kwenye mlango wa kizazi cha ng'ombe mwenye mimba kunaweza kuitoa. Mhimilishaji anayefungua mtungi kabla ya kumpapasa ng'ombe anacheza na mimba yako.

Kinachofuata hudumu muda mfupi, na nashauri kila mfugaji akiangalie bila aibu. Mbegu zimehifadhiwa katika nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Kikombe chenye mirija hunyanyuliwa hadi chini ya shingo ya mtungi tu, mrija mmoja hutolewa kwa kibanio, na kikombe hurudishwa mara moja, maana mirija inayobaki ikipandishwa kwenye hewa ya joto mara kwa mara, hufa kidogo kidogo, hata kama itarudi kwenye baridi ile ile. Mrija uliotolewa huingizwa kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi joto 35 hadi 37 kwa muda wa sekunde 30 hadi 45. Mtaalamu wetu ana kipimajoto kidogo na chupa ya chai yenye maji ya moto, na huchanganya maji hadi kipimo kikubali. Kisha hukausha mrija kwa karatasi laini hadi kusiwe na tone, kwa sababu maji yakigusana na mbegu huziua, huukata ncha, huupakia kwenye kifaa cha chuma ambacho amekwisha kukisugua kiganjani ili kisiwe cha baridi, hukivika ala safi ya plastiki na kukibana ndani ya shati lake hadi anapomfikia ng'ombe. Mbegu humwagwa taratibu mara tu baada ya kupita mlango wa kizazi, wala hazisukumwi ndani zaidi kwenye pembe za kizazi.

Mwingine tuliyewahi kumwita, ambaye sitamtaja, aliuyeyusha mrija kwa kuuweka kwapani huku akizungumza na simu, kisha akafanya kazi kwa haraka na kudai malipo kabla ng'ombe hajaachiwa. Ng'ombe huyo alirudi kwenye joto baada ya wiki tatu. Siwezi kuapa kwamba kwapa ndilo chanzo, kwa kuwa ng'ombe hurudi kwenye joto kwa sababu nyingi, lakini mtu asiyebeba kipimajoto hana namna ya kujua kama mbegu alizopandikiza zilikuwa hai, na mimi siwezi kumlipa mtu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo.

Swali jingine la kumuuliza mhimilishaji mpya ni kuhusu naitrojeni. Naitrojeni hupungua yenyewe hata mtungi usipofunguliwa, na ikishuka chini ya kiwango, mbegu zote zilizomo huharibika bila kubadilika rangi wala harufu. Mtaalamu makini ana fimbo ya kupimia: huizamisha hadi chini, huitoa, huipunga hewani, na mstari mweupe wa barafu unaojitokeza huonyesha kina cha naitrojeni kilichobaki. Mwombe akuonyeshe. Ukiona theluji imeganda nje kwenye shingo ya mtungi, huo ni mtungi unaovuja baridi, na mbegu zake ni za mashaka. Kwa sisi tulio karibu na Usa River kujaza mtungi si safari ya kutisha, lakini nimezungumza na wafugaji wa wilaya za mbali ambao mhimilishaji wao hukaa muda mrefu akisubiri gari la naitrojeni, na kwao nasema waziwazi kwamba huduma hii haiwezi kupata alama nilizoipa mimi.

Jambo linalobeba matokeo yote ni muda. Ng'ombe huja kwenye joto kila baada ya siku 21 kwa wastani, ingawa siku 18 hadi 24 ni kawaida, na kipindi chenyewe cha kukubali kupandwa hudumu saa 12 hadi 18 kwa wengi. Kwa ng'ombe wenye damu nyingi ya asili huwa kifupi zaidi na mara nyingi hutokea usiku. Yai hutoka saa kadhaa baada ya joto kwisha, na haliishi muda mrefu. Mbegu zilizogandishwa nazo haziishi sana ndani ya kizazi, na zinahitaji saa chache za kujiandaa kabla ya kuweza kulirutubisha yai. Ndiyo maana kanuni ya wahimilishaji ni kwamba ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Kanuni hiyo ni rahisi kuitaja, lakini utekelezaji wake unahitaji simu ipigwe mapema, mtaalamu apatikane, na njia ipitike.

Dalili ya kuaminika kuliko zote ni ng'ombe kusimama tuli wenzake wanapompanda. Nyingine husaidia: kupiga kelele, kutotulia, maziwa kupungua ghafla, uke kuvimba na kuwa mwekundu ndani, na ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai ukining'inia au kuganda mkiani. Kwa ng'ombe anayefungwa peke yake bandani hakuna mwenzake wa kumpanda, na hapo kazi yote ni ya macho ya anayemhudumia. Tulipangiana kuwaangalia ng'ombe alfajiri kabla ya kukamua, mchana wanapocheua, na usiku kabla ya kulala, kila mara kwa utulivu, bila kuwa na ndoo ya chakula mkononi, kwa sababu ng'ombe akiona chakula husahau mengine yote. Damu kidogo inayoonekana kwenye mkia siku mbili au tatu baadaye maana yake joto limekwisha kupita. Usimwite mtaalamu wakati huo. Andika tarehe na uanze kumchunga tena baada ya siku 16 hivi.

Kwa kuwa kundi lilikuwa la kuanza, tulishauriwa kutumia sindano za homoni ili ng'ombe wengi waje kwenye joto kwa pamoja. Njia iliyotumika ni ya prostaglandini: sindano mbili zinazopishana kwa siku 11, kisha joto hutarajiwa ndani ya siku mbili hadi tano baada ya sindano ya pili. Ni njia nzuri kwa sababu mtaalamu huja akiwa amejipanga, gharama ya safari hugawanywa kwa ng'ombe wengi, na ndama huzaliwa karibu karibu, jambo linalorahisisha chanjo na malezi. Hata hivyo, naomba nisisitize mambo matatu ambayo sikuyasikia yakitajwa kwenye mikutano ya kuhamasisha. Sindano hiyo hutoa mimba, kwa hiyo kila ng'ombe lazima apimwe kwanza na kuthibitika kwamba hana. Haifanyi kazi kwa ng'ombe aliyekonda ambaye vifuko vyake vya mayai havijaanza kufanya kazi. Huyo anahitaji chakula kabla ya dawa. Na wanawake wajawazito pamoja na watu wenye pumu hawapaswi kuishika dawa hiyo kabisa, kwa maana hupenya kwenye ngozi. Katika familia nyingi za hapa anayemshika ng'ombe wakati wa sindano ni mama mwenye nyumba, na mtaalamu ana wajibu wa kuuliza.

Lishe inastahili kutajwa ndani ya tathmini hii ingawa haiuzwi na mhimilishaji, kwa sababu lawama nyingi anazobebeshwa ni za kihori. Ng'ombe aliyetoka kuzaa hutoa kwenye maziwa zaidi ya anachokula, na akiendelea kukonda, joto halionekani au huja dhaifu. Kabla ya kuanza tuliwapa madini ya kulamba, mashudu ya alizeti na pumba, tukahakikisha maji yapo mchana na usiku, na wale ambao mbavu zao zilihesabika kwa macho tuliwaacha hadi warudishe mwili. Mitamba hatukuitazama umri tu, bali tuliipima kwa utepe wa kifua, na hakuna aliyepandishwa kabla ya kufikia takriban asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake. Ng'ombe waliozaa tuliwapa angalau siku 45 hadi 60 kizazi kipone. Tulijenga pia kibanio cha nguzo na fito kwenye kivuli, kwa sababu ng'ombe anayekimbizwa na kufungwa kwa vurugu kabla ya kupandishwa huwa na hofu, na hofu hupunguza uwezekano wa kushika mimba.

Gharama kwetu imekuwa kati ya shilingi 20,000 na 35,000 kwa ng'ombe kwa mbegu za kawaida, kutegemea dume na umbali, na pungufu kidogo tulipoungana na majirani siku moja. Wapo wanaolalamika kwamba dume la jirani ni nafuu zaidi. Hesabu yao huishia siku ya kupandisha. Ukitaka ng'ombe azae kila mwaka, na mimba yake ni takriban siku 280, unabaki na siku kama 85 tu tangu azae hadi ashike tena mimba. Kila joto linalokupita ni siku 21 za kulisha bila faida ya uzao mpya. Kwa hesabu hiyo, mhimilishaji wa bei ndogo anayefika kesho yake mchana ni ghali kuliko wa bei kubwa anayefika jioni ile ile. Kulipa tena ng'ombe anaporudi kwenye joto ni jambo linaloumiza, na watoa huduma hawana utaratibu mmoja: wengine hutoza bei kamili, wengine hutoza mrija tu. Kubalianeni kabla ya glavu kuvaliwa.

Kuhusu matokeo, hata katika ufugaji mzuri si kila ng'ombe anayeshika mimba kwa mara ya kwanza. Nusu ya waliopandishwa au zaidi kidogo ni matokeo ya kuridhisha, na anayekuahidi wote ni wa kuogopwa. Kwetu walioshika kwa mara ya kwanza walikuwa wengi kuliko waliorudi, na waliorudi wengi walikuwa mitamba pamoja na wale walioonekana usiku ambao hatukuwa na hakika ya saa. Mtaalamu alirudi kupima mimba kwa mkono baada ya miezi miwili, na kwa maoni yangu ziara hiyo inapaswa kuwa sehemu ya huduma badala ya hisani. Ng'ombe asiyerudi kwenye joto si lazima awe na mimba. Anaweza kuwa na tatizo la kizazi, au joto lake limepita bila kuonekana, na kila wiki anayokaa hivyo inaliwa na mfugaji. Ndama waliozaliwa wana umbo zuri, na ndama wa Jersey kwa mitamba walizaliwa bila kuvutwa, jambo lililotufurahisha kuliko yote.

Mapungufu ninayoyaona ni makubwa kiasi cha kustahili kusemwa. Kwanza ni siku za mapumziko. Joto halijui Jumapili wala Idi, lakini wahimilishaji wengi hawapatikani siku hizo, na eneo linalohudumiwa na mtu mmoja tu hupoteza joto nyingi kwa njia hiyo. Sisi tunabaki na namba za wataalamu wawili, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake yupo. Pili ni kumbukumbu. Mtaalamu huandika kwenye daftari lake, mfugaji huandika kwenye lake, na sehemu kubwa ya taarifa hizo huishia hapo, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia mfugaji mgeni kwamba mbegu za dume fulani au mikono ya mhimilishaji fulani imetoa mimba ngapi. Ng'ombe wengi sasa wana hereni zenye namba, na ningependa kuona namba hizo zikitumika kufuatilia uhimilishaji, kwa sababu kazi ya kuchagua madume bora hutegemea kujua binti zao wanakamuliwa kiasi gani. Tatu ni masika: njia za juu hazipitiki kwa pikipiki mvua ikikolea, na kwa miezi hiyo mfugaji wa huko apange kupandisha ng'ombe wake mapema au ajiandae kumteremsha hadi barabarani asubuhi ya siku yenyewe, taratibu, bila kumkimbiza.

Kwa jumla, mbegu na ushauri wa kituo nazipa alama za juu bila kusita. Mhimilishaji tunayemtumia sasa naye anastahili alama za juu, kwa kipimajoto chake, kwa maswali yake na kwa kurudi kupima mimba. Upatikanaji wa huduma kwa ujumla wake katika kata zetu naupa alama za wastani, na kwa kata za juu mlimani chini ya wastani. Namshauri mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu aanze bila sindano za homoni, kwa kufuata joto la kawaida na kuandika tarehe. Mwenye kundi la kumi na zaidi azungumze na majirani na mtaalamu wapange siku moja ya pamoja, baada ya ng'ombe kupimwa mimba na kulishwa vizuri kwa miezi miwili.

Kuhusu mbegu za kuchagua jinsia, ambazo huzaa ndama jike takriban 90 kwa kila 100, tumeulizwa sana na wafugaji wenzetu. Bei yake ni mara kadhaa ya mbegu za kawaida, mrija wake una mbegu chache zaidi, na uwezekano wa kushika mimba ni mdogo kuliko wa mrija wa kawaida. Tumeamua kuzitumia kwa mitamba wenye afya pekee, walioonekana kwenye joto kwa uhakika na mara ya kwanza tu. Mtamba akirudi, atapandishwa kwa mbegu ya kawaida ya Jersey.